Nani Anauliza, na kwa Lugha Gani? Kusoma Makongamano Mawili ya Mwezi wa 12, 2023

Mwaka 2021, mama moja wa Kabare aliniingiza mu shamba lake la migomba, akashika mkungu moja, akaniuliza: « Agronome, mutoto yangu, hii ni ugonjwa gani? Majani inalegea sawa vile yamepita mu moto. Ndizi inaiva mbele ya wakati. Na ukiipasula, mu katikati kunatoka ka maji ka manjano. Nifanye je? »

Nilikuwa na licence yangu mpya kabisa, hata diploma yenyewe nilikuwa bado kuipata mkononi. Na jibu nililijua. Ilikuwa ule mnyauko wa bakteria, wenye wakubwa wetu wa kazi wanaita BXW, na jina lake la Kilatini nililijua pia. Nikamwambia vile tulijifunza: ng'oa shina zima pamoja na watoto wake wote, katakata, zika, choma panga ku moto kabla ya kugusa shina lingine, na pale usirudishe mgomba kwa miezi.

Wenye wamekwisha kung'oa shina la mgomba la miaka kumi wanajua ile kazi. Mama alikuwa peke yake na watoto. Alifanya kazi kwa wiki nyingi. Aking'oa huku, kule kunaonekana lingine. Mwishowe alibakia na kipande kidogo upande wa barabara, na ile shamba njo ilikuwa inalipa minerval, juu ndizi zake zilikuwa za kasiksi na wanunuzi walikuwa wanakuja mpaka ku mlango.

Miaka miwili baadaye nikaanguka ku makala moja. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba haina lazima kung'oa shina zima. Kimelea hakifiki mu watoto wote wa shina kwa wakati moja. Unakata ule mgomba moja wenye kuonyesha dalili, chini kabisa karibu na udongo, unarudi kila wiki kuangalia, unavunja kwa mti wenye panda lile ua lenye kuning'inia chini ya mkungu, unachoma panga yako. Ukifanya hivyo bila kuchoka, ugonjwa unapungua pole pole na shamba linaendelea kuzaa. Majaribio yalifanyika Uganda, na mengine hapa hapa Kivu ya Kusini. Ku udongo wetu, wenzangu. Na makala ilikuwa kwa Kiingereza.

Ilikuwa imekwisha kutoka ile siku mama aliniuliza. Nilikuwa nimetafuta mbele ya kumjibu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mu telefone. Nilipata karatasi za mafunzo zenye kusema: ng'oa.

Ninaanza na ile aibu yangu kwa sababu tangu pale nilianza kusoma kitu chenye si kazi yangu: maandishi ya makongamano ya watu wa maktaba za kidijitali na wa teknolojia ya lugha nyingi. Nilitaka kujua kama kuko mtu mu dunia mwenye anafanya kazi juu ya shida ya yule mama. Shida yenyewe inasemeka kwa maneno machache: swali liko mu lugha moja, jibu limelala mu maktaba ya lugha ingine. Wanachuoni wanaita ile kazi utafutaji wa kuvuka lugha. Na ndiyo, watu wanaifanya. Tena wengi wao ni Waafrika, na wengine ni wa umri wetu.

Jambo la kwanza lazima nilisifu: maandishi yao mengi yako wazi. Maktaba yao yenye inaitwa ACL Anthology haiombi nywila, haiombi dola. Nilipakua kwa mega za usiku kazi za mikutano ya miaka na miaka. Mu agronomia hatuna bahati kama hiyo. Mara ngapi tumesoma tu muhtasari, na kisha ukuta wa kulipa?

Mwezi wa 12 mwaka 2023 kulikuwa makongamano mawili yenye kunihusu. EMNLP ilifanyika Singapore. Siku chache baadaye FIRE ilifanyika Goa, India. Ku Singapore kulitokea kazi yenye inaitwa AfriQA. Ku Goa kulikuwa shindano la CIRAL, na mwezi wa 7 mwaka 2024 mkusanyo wake ukaelezwa vizuri mu kongamano lingine, SIGIR, Washington. Zote mbili ziko na Kiswahili ndani. Zote mbili zinasema zinataka Mwafrika apate habari. Lakini zinatazama pande mbili tofauti kabisa, na nimeshangaa kuona vile watu wanazitaja pamoja sawa vile ni mapacha.

Niweke kwanza kitu kimoja sawa kwa wasomaji wenye si wa informatiki (mimi pia si wa kule). Ili kujua kama programu ya kutafuta inatafuta vizuri, watafiti wanatengeneza mkusanyo wa kupimia. Mu ule mkusanyo kuko maswali, kuko vipande vingi vya maandishi, na kuko hukumu za watu wenye wamesoma na kusema: hiki kipande kinajibu, hiki hakijibu. Sisi wa agro tunaijua ile kitu. Ni parseli ya majaribio. Mbegu zote zitapandwa pale, na yenye itazaa vizuri pale njo itapewa wakulima. Na kila mtu mwenye amefanya TFC anajua hatari yake: ukiweka parseli yako mu bonde lenye maji, utachagua mbegu ya bonde. Kisha utaipeleka ku mlima na kulaumu mkulima.

Sasa tuangalie ile parseli ya CIRAL. Lugha ni nne: Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba. Maandishi ni habari za magazeti ya mu zile lugha, vipande zaidi ya milioni mbili ukihesabu zote. Hiyo ni nguvu yake kubwa. Hawakuchukua tafsiri ya kitu cha ng'ambo. Walichukua maandishi yenye watu wetu wameandika kwa ajili ya watu wetu. Na waliotunga maswali na kutoa hukumu ni wasemaji wa zile lugha. Hapo nawapa alama zote.

Lakini maswali ni ya Kiingereza.

Nilisoma mara mbili nikifikiri sijaelewa, juu Kiingereza changu ni cha kujifundisha. Nilikuwa nimeelewa. Mtu anauliza kwa Kiingereza, programu inamtafutia jibu mu gazeti la Kiswahili. Basi nikajiuliza: huyo mtu ni nani? Jaribu kumpa sura. Anajua Kiingereza, Kiswahili hakijui, na anataka kujua kitu chenye kimeandikwa tu mu gazeti la Kiswahili. Si mama wa Kabare. Si mimi. Si mwanafunzi wa Goma wala wa Lubumbashi. Kuko watu kama hao kweli: mwandishi wa habari wa kigeni, mtafiti wa ng'ambo, mfanyakazi wa ONG mwenye amefika juzi. Na kuko mwingine.

Mwaka 2017, IARPA, ofisi ya utafiti ya idara za ujasusi za Marekani, ilianzisha mpango wenye unaitwa MATERIAL. Lengo lake liko wazi mpaka mu jina lake refu: mtu anauliza kwa Kiingereza, mashine inamletea habari kutoka lugha yoyote ile. Kiswahili kilikuwa kati ya lugha za kwanza kabisa, pamoja na Kitagalog cha Ufilipino. Kisomali kilifuata. Ile pesa ilisukuma sana utafutaji wa kuvuka lugha kwa lugha kama zetu. Unaona mwelekeo? Mchambuzi anakaa Marekani, anauliza kwa lugha yake, sisi njo maandishi yenye kutafutwa.

Sisemi kabisa kwamba watu wa CIRAL wanafanya kazi ya ujasusi, na mwenye atasema nimesema hivyo atakuwa ananisingizia. Ninasema desturi inarithiwa. Mtu akikuta njia imekwisha kulimwa anapita mulemule, hata kama inampeleka ku shamba la mwingine. Na mu maandishi yao sababu yenye inatolewa ni nzuri: kufungua maandishi ya lugha za Kiafrika, yasibaki gizani. Ni kweli. Gazeti letu lisomwe Toronto, kwa nini hapana? Ila, kati ya kusomwa na Toronto na kupata jibu la mgomba wangu, mimi najua chenye ningepanga kwanza.

Kuko wenye watanijibu: upande gani wa swali si kitu, mashine ni ileile, ikijua kuvuka kwenda itajua kuvuka kurudi. Ninafikiri hapana. Sababu yangu inatoka mu shamba. Swali la Kiingereza lenye mtu ameandika ameketi ni fupi, safi, liko na jina la kitu ndani. Swali la mama halina jina. Liko na dalili: inalegea, inaiva mbele ya wakati, maji ya manjano. Yeye hajui kwamba inaitwa Xanthomonas, na hata angejua, wanasayansi wenyewe wamebadilisha jina, zamani ilikuwa campestris, leo ni vasicola. Mkulima anauliza kwa macho na pua. Maktaba inajibu kwa Kilatini. Ile njia ya kati, kutoka dalili mpaka jina, haimo mu parseli ya CIRAL, kwa hiyo hakuna mashine yenye itapimwa juu yake, na chenye hakipimwi hakitengenezwi.

Chenye kilinihuzunisha ni kujua kwamba zamani watu walikuwa wameanza na upande wetu. CLEF, kongamano la Ulaya la utafutaji wa lugha nyingi, ilianza mwaka 2000, na mu miaka yake ya kwanza ilikuwa inafanyika bega kwa bega na kongamano la Ulaya la maktaba za kidijitali. Mule ndani, mwaka 2005, watafiti waliokuwa Sweden walileta kazi ya Kiamhara kwenda Kifaransa. Msome tena: maswali kwa Kiamhara, majibu mu magazeti ya Kifaransa ya miaka ya 1990. Walikuwa na kamusi tu, hawakuwa na haya mamodeli makubwa ya leo. Mwaka uliofuata Kioromo pia kiliuliza maswali kwenda Kiingereza. Matokeo hayakuwa ya ajabu, na maswali yenyewe yalikuwa tafsiri ya maswali ya Ulaya. Lakini mwelekeo ulikuwa sawa: Mwafrika anauliza, maktaba ya wengine inajibu. Ni karibu miaka ishirini sasa, na mimi sijaona Kiswahili kwenda Kifaransa kikipewa nafasi kama ile.

Njo maana nilipofungua AfriQA nilifurahi mpaka nikaita jirani yangu wa chumba. AfriQA imegeuza swali. Lugha ni kumi: Kibemba, Kifon, Kihausa, Kiigbo, Kinyarwanda, Kiswahili, Kitwi, Kiwolofu, Kiyoruba na Kizulu. Mifano inapita 12,000. Mtu anauliza kwa lugha yake, jibu linatafutwa mu Wikipedia ya Kiingereza au ya Kifaransa, kisha linarudishwa kwake mu lugha yake. Waandishi wanasema bila kuficha kwamba mu lugha zetu maandishi ya mtandaoni ni kidogo sana, kwa hiyo lazima jibu litafutwe mahali pengine. Na wanasema pia bila kuficha kwamba mashine za leo zinashindwa vibaya ile kazi. Ninapenda watafiti wenye kusema hivyo.

Sasa niwachokoze kidogo, juu mtu unamchokoza mwenye unamheshimu.

Maswali yalipatikana namna gani? Walionyesha mtu mwanzo mfupi wa makala ya Wikipedia, wakamwambia aulize kitu chenye angependa kujua zaidi. Ni njia nzuri kuliko kutafsiri maswali ya Wamarekani. Lakini unaona tatizo. Ukimwonyesha mtu mwanzo wa Wikipedia, atauliza swali la Wikipedia: fulani alizaliwa mwaka gani, timu fulani ilishinda mara ngapi, nani alikuwa waziri. Swali lenye jibu la maneno mawili. Mimi pia napenda yale maswali, ni ya kupitisha jioni. Hakuna mtu alipoteza shamba kwa kukosa jibu lake. Swali la mama linataka jibu la hatua tano zenye kufuatana, na moja ikikosewa (panga haikuchomwa) zote zimekufa. Wikipedia ya Kiingereza iko na ukurasa juu ya ule ugonjwa, ndiyo, lakini jibu lenyewe, la kukata moja na kuacha wengine, linakaa mu majarida ya kilimo, mu ripoti za miradi, mu karatasi za vituo kama INERA Mulungu. Kwa hiyo AfriQA imeuliza upande wa kweli lakini imeingia maktaba yenye si ile. CIRAL imekumbuka kuingia maktaba yetu wenyewe, lakini imempa funguo mgeni.

Halafu kuko jambo la Kifaransa, na hapa Mkongomani lazima alalamike. Mu AfriQA, Kiwolofu na Kifon vinapita kwa Kifaransa. Kiswahili kinapita kwa Kiingereza. Inaeleweka, Kiswahili chao ni cha Kenya na Tanzania, na kule lugha ya shule za sekondari ni Kiingereza. Kibemba chao vilevile, wakati Kibemba kinasemwa pia Haut-Katanga. Lakini sisi wa mashariki ya Kongo tunakaa mahali pa ajabu: Kiswahili cha barabarani, Kifaransa cha shule, na sayansi ya udongo wetu imeandikwa Kiingereza. Mimi, kumjibu yule mama, ningepaswa kuvuka mara mbili. Nilivuka mara moja tu nikafikiri nimefika.

Na hata kile Kiswahili, ni chetu? Mu hesabu ya kimataifa ya lugha, cha Kongo kiko na namba yake, swc, tofauti na swh cha pwani. Mara moja tu nimeona ile swc yetu ikipewa kiti mu kazi kubwa ya namna hii: TICO-19, mwaka 2020, wakati wa corona. Ilikuwa tafsiri ya maandishi ya afya kutoka Kiingereza kwenda lugha nyingi, Lingala ndani, na Kiswahili cha Kongo peke yake, si chini ya kivuli cha kile kingine. Walifanya vizuri sana. Lakini angalia tena mwelekeo: kutoka Kiingereza kuja kwetu. Wakati wa hatari wanakumbuka kutuambia. Kutuuliza tuna swali gani, hiyo bado.

Kwa upande wa kilimo kuko AGROVOC ya FAO, ile orodha kubwa ya maneno ya kilimo yenye inapanga maktaba, ilianza miaka ya 1980 na leo iko na lugha zaidi ya arobaini, Kiswahili ndani. Ninaiheshimu na nimeitumia mu kazi. Lakini imejengwa kwa majina. Mnyauko uko na mahali pake mu orodha kama hiyo. « Majani inalegea sawa vile yamepita mu moto » haina mahali. Na tena, neno mnyauko lenyewe, ku Kabare nimelisema mara ngapi, watu wananitazama tu kwa adabu.

Wiki iliyopita nilifanya jaribio langu la maskini. Nilichukua maneno ya mama sawasawa vile aliyasema nikayaandika mu mashine ya kutafuta yenye wengi wetu tunatumia. Nilipata namna ya kukaanga ndizi mbivu. Nilipata pia kurasa za daktari juu ya maji ya manjano yenye kutoka ku mwanamke. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Nikageuza kidogo kwa Kiswahili cha Tanzania, nikaweka neno mnyauko na neno migomba: pale karatasi nzuri zilikuja. Kumbe jibu lilikuwa linajulikana, ila lilikuwa linangoja mtu mwenye anajua jina.

Kuko wenzetu wenye kusema shida yote ni mahali. Makongamano yanafanyika Singapore, Goa, Washington, viza haitoki, tiketi ni mishahara ya mwaka. Ni kweli, na wenye walikataliwa viza za Canada mwaka 2018 kwa kongamano la Montréal wanaikumbuka. Lakini mwezi wa 5 mwaka 2023 ICLR ilikuja Kigali. Kigali! Kutoka Goma ni karibu kuliko kwenda Beni. Nilifurahi kama wengine. Lakini kongamano laweza kuja mpaka ku mlango wako bila kuleta swali lako ndani. Mimi naona mahali ni jambo la pili. La kwanza ni karatasi ya maswali: nani aliyatunga, akiwa ameketi wapi, anatazama nini.

Na hapa niache kuwalaumu watu wa mbali, juu kuko jambo lenye linatuhusu sisi wenyewe na sijaona mtu akilisema. Maswali ya wakulima, nani yuko nayo? Ni sisi. Kila mwaka promotion zetu zinashuka ku vijiji na karatasi za uchunguzi. Tunauliza kwa Kimashi, kwa Kihavu, kwa Kiswahili. Wakulima wanajibu, na wakimaliza kujibu wanatuuliza pia. Sisi tunafanya nini? Tunaandika kwa Kifaransa palepale, tukiwa tumesimama. « Majani inalegea sawa vile yamepita mu moto » inakuwa « flétrissement des feuilles ». Jioni tunaingiza namba moja au sifuri mu tabo la kompyuta. Maneno yenyewe tumetupa. Nimefungua TFC yangu kuangalia: wakulima 120, na hakuna hata sentensi moja ya mkulima mule ndani. Moja! Jalada ni zuri, lakini.

Ile njo parseli yenye inakosa. Si lazima elfu kumi na mbili. Maswali mia tano tu, yenye yameandikwa vile yalisemwa, na lugha yake, na kijiji bila jina la mtu, na pembeni karatasi yenye inajibu kweli, ya Kifaransa au ya Kiingereza, na hukumu ya mwagronomia mwenye anajua. Watu wa makongamano wanajua kufanya yenye inabaki, wameonyesha. Wenye kutengeneza AfriQA walikuwa watu wengi wa nchi nyingi, hawakuwa kampuni moja. Lakini hawawezi kukisia maneno yenye sisi tulitupa.

Kwa wenye watauliza nichague: ningechukua AfriQA, na makosa yake yote. Parseli yenye imepandwa upande wa kweli unaweza kubadilisha mbegu. Yenye imepandwa upande mwingine, ni kulima upya. CIRAL nitaendelea kuisoma kwa sababu ya magazeti yake, na kama siku moja wataongeza maswali ya Kiswahili juu ya maandishi yaleyale, nitafuta nusu ya haya maneno kwa furaha.

Nimeanza daftari. Bado maswali thelathini na saba, mengi ni ya mihogo, machache ya migomba, moja ni la mbuzi na sikuweza kulijibu. Mama wa Kabare njo namba moja. Alirudisha migomba mwaka jana mu kile kipande, na juzi alinipigia: mitatu imeanza kulegea majani. Jumapili nitapanda kule. Safari hii tutakata ile mitatu tu.